Helikopta ndogo kulala ubavu kabla haijapaa: husababishwa na nini, na wachunguzi hutazama nini?

Bi_Shanzu aliuliza:

Hamjambo nyote. Kazi yangu ni kusimamia viwanja vya hoteli huku Pwani ya Kaskazini, pamoja na nyasi ambayo helikopta za wageni hutua. Kuna video inazunguka kwenye simu za watu: helikopta ya viti vinne, Robinson R44, inanyanyuka polepole kutoka kwenye nyasi. Skidi ya kushoto, yaani ule mguu mrefu wa bomba ambao chombo hukalia, inaacha ardhi, ya kulia inabaki chini, na kufumba na kufumbua chombo kimelala ubavu, mapanga yamekatika vipande. Haikufika hata nusu mita.

Kila niliyemuuliza ananiambia ni upepo. Nataka kujua mambo matatu kwa wanaoijua kazi hii. Kwanza, chombo kinapindukaje kikiwa bado chini? Pili, wachunguzi wakifika wanatazama nini, maana helikopta ndogo kama hizi sidhani zina kisanduku cheusi? Tatu, sisi tunaotunza kiwanja tufanye nini, kabla na baada? Shukrani.

---

Rubani_PortReitz alijibu:

Dada, kwa ulivyoeleza, skidi ya kulia ilinaswa au ilizuiliwa na kitu, na chombo kikageuka juu yake. Mafunzo yetu huiita kupinduka kwa egemeo, na kila mwanafunzi hufundishwa kabla hajaruhusiwa kuruka peke yake.

Helikopta ikiwa hewani, ikiinama huzunguka kwenye kitovu cha uzito wake, na rubani akisogeza saikliki (fimbo ya kuinamisha chombo) upande wa pili inarudi sawa. Skidi moja ikishikwa chini, egemeo linahamia kwenye ile skidi. Nguvu ya rota, yale mapanga yanayozunguka juu, iliyokuwa inyanyue sasa inapindua. Rubani akivuta kolektivu (mkono wa kupandisha na kushusha chombo) zaidi ili "atoke" haraka, ndiyo kwanza anaimalizia kuipindua.

Pembe yenyewe ni ndogo sana. R44 iliyozimwa, watu wakiiinamisha kwa mikono, haianguki mpaka ipite kama nyuzi 30. Rota ikiwa inavuta na chombo kimeshaanza kuzunguka, mpaka wa kutorudi ni kati ya nyuzi 5 na 8 tu, na kadiri mzunguko unavyokuwa wa kasi ndivyo mpaka huo unavyozidi kushuka. Ukishapita, saikliki hata uisukume mpaka mwisho haitoshi. Dawa ni moja: shusha kolektivu. Ishushe kwa mkono laini ila bila kusita. Ukiibwaga ghafla, chombo kinaweza kudunda na kwenda upande wa pili, au mapanga yakapiga mkia.

Kwa nini upande wa kulia? Rota kuu ya R44 huzunguka kinyume cha saa ukiitazama kutoka juu, na rota ya mkia husukuma chombo kizima kuelekea kulia. Kwa hiyo skidi iliyonaswa ikiwa ya kulia, tayari kuna nguvu inayosaidia kupindua. Ongeza upepo kutoka kushoto, uzito mwingi upande wa kulia, na mguu wa kushoto uliokanyaga pedali ya kugeuza pua kwa nguvu: hayo manne yakikutana, nafasi ya kujiokoa ni ndogo mno. Na rubani wa R44 hukaa kulia. Akiwa na abiria mmoja mzito ambaye ameketi nyuma yake, kulia kumeshalemewa kabla injini haijawashwa.

Kunyanyuka vizuri ni hivi. Vuta kolektivu polepole mpaka chombo kiwe chepesi juu ya skidi, kisha simama hapo. Sikia kinataka kwenda wapi: kuteleza, kugeuza pua au kuinama. Sahihisha kwa saikliki na pedali mpaka kitulie, ndipo uongeze kidogo. Skidi moja kutangulia ni kawaida, lakini ya pili ifuate bila chombo kuinama. Kikianza kuinama na skidi haitoki, shusha, halafu teremka uangalie kuna nini. Wanaopinduka wengi hurukia hatua ya mwisho, wakavuta mara moja.

Vitu vinavyonasa skidi utavijua wewe kuliko sisi: kichwa cha bomba la kunyunyizia maji, mzizi wa mvinje uliojitokeza, ukingo wa zege wa njia ya miguu, wavu wa plastiki unaotandazwa chini ya nyasi changa, kamba ya kufungia ambayo haikufunguliwa upande mmoja. Mchanga pia. Helikopta ikikaa usiku kucha kwenye mchanga laini, skidi huzama na kufunikwa.

---

Kusi_la_Asubuhi alijibu:

Maelezo ni mazuri kaka, lakini naona upepo unaachiliwa kirahisi. Hoteli zetu zina ghorofa na mivinje mirefu, na upepo ukipita hapo unajipinda na kurudi nyuma kwa mikupuo. Halafu mwezi wa pili joto ni kali, hewa inakuwa nyepesi, injini inakosa nguvu. Mimi ningeanzia huko.

---

Rubani_PortReitz alijibu:

Kuhusu hewa nyepesi sikubaliani nawe, na hesabu ipo. Uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, uko kama mita 61 juu ya bahari. Siku ya nyuzi 32 za joto, hewa yake ni sawa na ile ya mita 700 hivi katika hali ya kawaida. Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690. Siku ya nyuzi 26 tu, hewa yake ni kama ya mita 2,500. R44 zinanyanyuka Wilson kila siku. Kwa hiyo Mombasa joto pekee halimnyimi rubani nguvu ya kuacha ardhi, ila kama amepakia kupita kiasi.

Na hapo kuna hesabu nyingine. Raven II, aina mojawapo ya R44, inaruhusiwa kilo 1,134 kwa jumla. Ikiwa tupu ni karibu 685. Matangi yakijaa, petroli ni kama lita 175, yaani kilo 126 hivi. Kinachobaki ni kilo 323, kwa watu wanne pamoja na mizigo. Wanaume wanne wa kilo 85 wameshapita. Tena kila kiti pamoja na sanduku lililo chini yake kina kikomo cha kilo 136, na sanduku lenyewe kilo 23.

Kuhusu upepo kwa jumla tuko pamoja, ila uangaliwe kwa mwelekeo. Pwani yetu imelala kaskazini-mashariki hadi kusini-magharibi. Wakati wa kusi, rubani akiielekeza pua upande wa Nyali, sambamba na ufuo, upepo unampiga ubavu wa kushoto moja kwa moja. Wakati wa kaskazi, akiielekeza pua baharini, ni ubavu wa kushoto tena. Hapo upepo unaongeza mzigo kweli. Lakini bila kitu kilichoishika skidi ya kulia, upepo huo ungemsogeza tu. Ndiyo maana siwezi kusema "ni upepo" kabla sijaiona ardhi yenyewe.

---

Fundi_Changamwe alijibu:

Nitasema ya upande wa mashine, maana mara nyingi hurukwa.

R44 za Raven zina haidroliki ya kupunguza uzito wa saikliki na kolektivu, na swichi yake iko kwenye saikliki yenyewe. Katika ukaguzi wa kuwasha, rubani huizima kidogo kujaribu, kisha huiwasha. Ikisahauliwa imezimwa, saikliki ina ulegevu mdogo mwanzoni halafu inakuwa ngumu. Rubani asiyetarajia hivyo atavuta kwa nguvu, chombo kitachelewa, kisha kitakwenda kupita alipotaka. Akiwa na skidi moja chini, hiyo inatosha.

Kingine ni skrubu za kukazia saikliki na kolektivu wakati chombo kimeegeshwa. Zikiachwa zimekaza nusu, mkono wa rubani unahisi uzito usio wake. Kingine ni gavana. R44 inayo ya kushika mzunguko wa injini, nayo hufanya kazi injini ikipita asilimia 80. Swichi ikiwa imezimwa na rubani hajui, akivuta kolektivu mzunguko wa rota unaporomoka na honi inalia kwenye asilimia 97. Chombo kinakuwa nusu kinaelea nusu kimeketi, na hali hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Angalieni pia vidhibiti vya kushoto. Vinatolewa, na abiria asiye rubani akikaa mbele ni bora vitolewe. Ukanda wa kamera ulionaswa kwenye saikliki ya kushoto, au begi lililowekwa miguuni likabana pedali, ni mambo yanayotokea.

Chini ya skidi kuna viatu vya chuma vinavyolika badala ya mrija. Vikilika vikabaki na ncha iliyokunjuka, au skrubu ikalegea, vinashika nyasi na wavu vizuri sana. Vipitishe kidole kila asubuhi. Na huku kwetu pwani, mchanga hula rangi kwenye ukingo wa mbele wa panga karibu na ncha. Rangi ikiisha na chuma kikabaki wazi, ngozi ya panga huanza kubanduka kwenye gundi. Hilo halikupindui ukinyanyuka, lakini kwa mwenye kutunza chombo Mombasa ni la kutazamwa kila siku, pamoja na kuosha chumvi kwa maji baridi.

Sasa mabaki yanasema nini. Mchunguzi mzuri haanzii kwenye injini. Anaanzia kwenye alama za skidi. Mfereji mmoja mfupi wenye ukingo mkali upande wa nje, na mwingine hakuna kabisa: skidi moja iliachia, nyingine ikasukuma udongo. Alama mbili ndefu sambamba ni hadithi tofauti, hapo chombo kiliteleza kwanza. Urefu, kina, na umbali kati ya alama hiyo na mkato wa kwanza wa panga ardhini hupimwa na kupigwa picha ikiwa na rula kando yake.

Kisha anauliza: injini ilikuwa ikivuta? Feni ya kupoza ya R44 imefungwa kwenye injini, ndani ya kasha lake. Ikipindukia huku inazunguka, huacha mikwaruzo ya duara ndani ya kasha. Feni iliyosimama huacha bonyeo tu. Shafti ya kwenda rota ya mkia ikikatika kwa kusokotwa, mvunjiko wake una mshazari wa kama nyuzi 45. Vipande vya panga vikiwa vimerushwa mbali, rota ilikuwa na nguvu. Mapanga yaliyokunjika tu bila kukatika yanaonyesha mzunguko ulikuwa umeshapungua.

Swichi zinaandikwa zilivyokutwa, lakini kwa tahadhari, kwa sababu mguu wa mtu anayetoka kwa hofu huweza kuzigeuza. Balbu za taa za onyo husaidia hapo: waya wa ndani ukiwa wa moto wakati wa kishindo hunyooka na kurefuka, ukiwa baridi haubadiliki au hukatika. Petroli huchukuliwa sampuli. Avgas 100LL, petroli ya chombo hiki, ni ya bluu. Ikiwa haina rangi na inanuka mafuta ya taa, kuna aliyetia Jet A-1, mafuta ya ndege za jeti.

---

Mkaguzi_Mstaafu_Kizingo alijibu:

Fundi ameeleza vema. Naongeza ya utaratibu.

Kenya, anayechunguza ni Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege, AAID, iliyo chini ya wizara ya uchukuzi. KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, inatoa leseni na kusimamia usalama, kwa hiyo haifai kuchunguza jambo ambalo huenda lenyewe linagusa kazi yake. Kanuni mama ni Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944. Kinasema wazi kwamba lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, na wala si kugawa lawama. Hili lielezwe kwa wafanyakazi wa hoteli, maana wengi hunyamaza wakidhani wanamfunga mtu.

Kwa kuwa R44 imebuniwa na kuundwa Marekani, taasisi ya huko ya kuchunguza ajali, NTSB, ina haki ya kutuma mwakilishi, naye anaweza kuja na washauri kutoka kwa watengenezaji wa chombo na wa injini. Ripoti ya awali hutakiwa ndani ya siku 30. Ya mwisho hutarajiwa ndani ya miezi 12, na ikichelewa, taarifa ya hali ilivyo hutolewa kila mwaka tarehe ya ajali.

Je, kulala ubavu bila mtu kuumia ni ajali? Ndiyo. Mapanga peke yake yakiharibika huenda ikaitwa tukio, lakini kupinduka huharibu mlingoti wa rota, gia kuu na fremu, na hayo ni matengenezo makubwa.

Kuhusu kisanduku cheusi, uko sahihi dada, helikopta za uzito huu kwa kawaida hazina. Ndiyo maana video za simu na kamera za hoteli zina thamani kubwa, hasa sauti yake. Rota ya R44 ikiwa kwenye asilimia 102 huzunguka mara 408 kwa dakika. Ina mapanga mawili, kwa hiyo mapigo ni 13.6 kwa sekunde. Kompyuta ikitenga sauti hiyo na kukuta mapigo yameshuka hadi 12, rota ilikuwa asilimia 90, na hapo gavana na mkono wa rubani kwenye kolektivu vinaanza kuulizwa. Mapigo yakibaki 13.6 mpaka kishindo, suala la nguvu linafungwa, na tunarudi kwenye skidi na ardhi. Kwa hiyo video ipelekwe kama ilivyorekodiwa. Ikipitia WhatsApp, sauti hubanwa na sehemu ya ushahidi hupotea. Kamera nyingi za hoteli hujifuta zenyewe baada ya siku chache, basi nakili faili siku hiyo hiyo.

Na moto. R44 za zamani zilikuwa na matangi magumu ya alumini yaliyoweza kupasuka kwa kishindo kidogo, na watu waliokuwa wazima ndani waliungua. Mwaka 2010 kiwanda kilitoa agizo yabadilishwe kwa mifuko ya mpira ndani ya tangi. Hoteli ina haki ya kumuuliza mwendeshaji kama chombo chake kimefanyiwa hivyo, na ajibu kwa karatasi.

---

Bi_Shanzu aliuliza tena:

Nimewaelewa vizuri, ahsanteni sana. Nieleze basi ya kiwanja chetu kwa vitendo. Na swali moja zaidi: helikopta nyingine hutua kwenye mchanga maji yakiwa yamekupwa. Ikipinduka pale, na maji yanarudi, tunaruhusiwa kuisogeza?

---

Mkaguzi_Mstaafu_Kizingo alijibu:

Kabla ya kutua: mtu mmoja atembee kiwanja chote kwa miguu, asitazame kutoka kwenye baraza. Vichwa vya kunyunyizia maji vizamishwe au vitiwe rangi inayoonekana, wavu wa nyasi ung'olewe, mashimo yafukiwe na kushindiliwa. Mwinamo ukizidi nyuzi 5, tafuteni mahali pengine. Wekeni kifuko cha upepo mahali pasipokingwa na jengo, rubani ajue kusi au kaskazi inampiga wapi. Viti vya plastiki, miavuli na taulo viondolewe mbali. Wageni wapandishwe kutoka mbele ambapo rubani anawaona, kamwe wasipite mkiani. Uzito wao uulizwe wakati wa kuweka nafasi, pamoja na mabegi, na rubani apewe orodha.

Ikipinduka: hakuna anayekaribia mpaka mapanga yasimame. Kisha watoeni watu, mkiwa na vizima moto vya unga mkononi, na hakuna sigara wala simu karibu na petroli iliyomwagika. Kama rubani hajiwezi, swichi ya betri izimwe na kitasa cha petroli kilicho kati ya viti vya mbele kifungwe, na aliyefanya hivyo aandike alichokigusa. Piga simu polisi na mnara wa kuongoza ndege wa Moi, nao watawafikia AAID. Zungusheni kamba kuanzia kipande cha mbali kabisa cha panga, si kuanzia kwenye chombo. Msifagie, msimwagilie nyasi, na mtunza bustani asizibe ule mfereji wa skidi kwa nia njema.

Kuhusu kusogeza: kanuni inaruhusu kugusa mabaki kwa kuokoa watu au wanyama, kuzima moto, na kuondoa hatari. Maji ya bahari yanayorudi ni sababu ya kumpigia mchunguzi simu papo hapo mkaombe ruhusa. Hapa kwetu bamvua hupandisha maji zaidi ya mita 3, na hayamngoji mtu afike kutoka Nairobi. Mkipewa ruhusa, kwanza piga picha kutoka pande nne na kutoka juu, kisha alama za skidi kwa karibu, rula au futi ya fundi seremala ikiwa kando yake, kwa sababu hizo zitafutwa na wimbi la kwanza. Piga vigingi kwenye ncha za kila alama na pima umbali kati yake. Ndipo chombo kivutwe kizima juu ya alama ya maji ya bamvua, kamba zikifungwa kwenye fremu na si kwenye mlingoti wa rota.

Kama kimeshalowa, sehemu za chuma zisuuzwe kwa maji baridi mapema, maana alumini na magnesi huliwa na chumvi ndani ya saa chache. Lakini simu, kamera na kifaa cha GPS vilivyozama msivikaushe wala kuviwasha. Viwekwe ndani ya ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi, mfuniko juu, na vikabidhiwe hivyo hivyo. Maabara ndiyo itakayovikausha.

---

Fundi_Changamwe alijibu:

Na kabla ya chombo kuvutwa, toeni sampuli ya petroli kwenye tangi mkiweza kulifikia salama, ndani ya chupa safi ya glasi, lita moja ikipatikana, iandikwe saa na aliyeichukua. Maji ya bahari yakishaingia tangini hakuna atakayejua kama maji yalikuwamo tangu mwanzo.